Kofia Iliyozama Hadi Masikioni

Enzi zetu sisi tuliokulia Ibra, huku Omani, kichwa cha mwanamme hakikupimwa dukani. Kilipimwa nyumbani kwa uzi, na uzi wenyewe ukawekwa. Mama yangu alikuwa na bati la biskuti lililopauka rangi, na ndani yake, pamoja na sindano, subana na vipande vya kitambaa cha bafta, mlikuwa na nyuzi fupi fupi, kila mmoja una fundo lake. Huu wa babu, huu wa ami, huu wa baba. Fundo lilionyesha kichwa kinapokomea. Mtu akitaka kofia mpya, hata akiwa Maskati kikazi, hakuhitaji kuja kupimwa. Kichwa chake kimo batini.

Wenzangu mnaosoma hapa mnaijua nyumba ninayoisema, maana kila mmoja wetu alilelewa ndani ya mfano wake. Wazee walitoka Unguja na masanduku mawili matatu, wakafika nchi ya baba zao ambayo wengine walikuwa hawajaiona hata siku moja. Ndani tukisema Kiswahili, mlangoni Kiarabu, na watoto wa jirani wakituita Wazinjibari hata pale tulipowashinda kukimbia. Jua la Ibra nalo halikuwa na simile. Mchana ukuta uliunguza kiganja, na mchezo wa nage ulingoja mpaka alasiri. Saa hizo za joto wanawake walikaa ukumbini, kanga moja kiunoni na moja begani, birika la chai ya tangawizi katikati, sahani ya vitumbua vya asubuhi imefunikwa kawa. Mikononi mwao kofia.

Kofia ya mkono ni kazi, wacha nikwambieni. Kwanza unachora nakshi kwa penseli juu ya bafta. Kisha unatoboa viua, vile vitundu vidogo vinavyopitisha hewa, na kila kimoja unakizungushia uzi wa hariri pembeni mpaka kikae kama jicho la samaki. Kofia moja ina viua mamia. Duara la juu unalishona peke yake, na ukanda wa kuzunguka peke yake, halafu ndiyo unaviunganisha. Miezi mitatu, minne, ukiwa na watoto hata sita. Ikichafuka huifua kwa mkono, ukaitia wanga, ukaivisha kwenye faruma, lile gogo lililochongwa mfano wa kichwa, ili ikauke bila kurudi. Mama alikuwa akiigeuza kofia ya mtu akatazama ndani kabla ya nje. "Nje kila mtu anaweza kupendeza," alikuwa akisema. "Nionyeshe mafundo yako."

Leo vijana wetu wanazo kofia ishirini kabatini, moja moja kwa rangi ya viatu. Siwalaumu, na tena nawapenda kwa hilo. Nikimwona kijana anashuka garini kwenda kazini kwenye kompyuta zake, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa juu ya paji, moyo wangu unajaa. Hatuvai kofia siku ya sherehe tu tukapiga picha tukaivua. Tunaivaa benki, tunaivaa kwa daktari wa meno, tunaivaa kununua vitunguu. Ila muulize kijana huyo kofia yake ina viua vingapi, atakutazama kama umemuuliza idadi ya nywele zake.

Na nywele ndizo zilizoniponza mimi.

Baba yangu alikuwa karani katika idara moja ya serikali pale Ibra, mtu mpole, mrefu, mwenye nywele nyingi ajabu. Ilikuwa ndio mtindo wa wakati ule, afro, duara kubwa kichwani, na kitana cha meno marefu hakimtoki mfukoni. Wazee wa Ibra wenye vilemba vyao walimpita wakimtazama kwa huruma. Mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja baba akapata nafasi ya kwenda Hija kwa basi, na mimi nikaamua kwamba atakaporudi, mbele ya wageni wote watakaokuja kumpongeza, atavaa kofia niliyoishona mimi. Ilikuwa kofia yangu ya kwanza. Sikutaka kitu kingine chochote duniani.

Nilianza miezi minne kabla. Mama akanifundisha kiua kimoja kimoja, akinifumua nilipokosea, na nilikosea sana. Kuhusu kipimo alinambia neno moja tu: "Uzi wa baba yako umo batini. Utumie ule."

Nikautoa. Ulikuwa uzi wa zamani, tangu Unguja, siku za ujana wa baba kabla hajafuga nywele. Nikaulinganisha na kofia aliyokuwa akiivaa siku zile, nikaona umepungua vidole viwili. Nikajisemea, mama naye amezeeka, anaishi na vipimo vya Unguja. Basi Ijumaa moja baba alipojilaza ukumbini baada ya chakula cha mchana, nikamzungushia uzi mpya juu ya ile afro yake, taratibu, nimebana pumzi, nikafunga fundo. Ule wa zamani nikautupa. Nilijiona fundi kweli kweli.

Mama hakugundua, kwa sababu vipande nilivishona mbalimbali. Kuviunganisha nikaviunganisha wiki ya mwisho, nyumba nzima iko mbioni, mama yumo jikoni na masufuria ya kukopa kwa jirani.

Nyinyi mnaosoma mmeshajua kilichotokea. Mimi sikujua. Mtoto wa Kiislamu, nimesoma Kurani chuoni, nimefundishwa nguzo zote tano nikazisema bila kukwama, na haikunipitia akilini hata mara moja kwamba mwanamme akienda Hija hurudi amenyolewa.

Baba alifika asubuhi. Watu wakamsindikiza moja kwa moja mpaka majlisi, chumba cha wageni wanaume: wazee, majirani, wenzake wa kazini, wamejaa mpaka kizingitini. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikiitia udi kofia yangu. Mama akaniita, nikaitika lebeka, akanambia, "Haya, mpelekee baba yako." Nikaingia nayo juu ya sinia lililotandikwa kitambaa, macho chini kwa haya. Nikasema, "Shikamoo baba." Akasema, "Marahaba mwanangu." Nikainua macho.

Kichwa kilikuwa kinang'aa. Kidogo, cheupe, kama cha mtu mwingine.

Nilitaka kurudi na sinia langu lakini mkono wake ulishafika. Akaishika kofia, akaivaa. Ikashuka. Ikapita paji, ikafika kwenye nyusi, ikasimama juu ya masikio, na masikio yakapinda kwa nje. Mzee mmoja akakohoa ndani ya kikombe cha kahawa. Nilikuwa nasubiri aivue, na nilijua akishaivua tu, mimi sitoshika tena sindano maishani.

Hakuivua. Aliisukuma nyuma kidogo apate kuona, akaniuliza, "Nani kashona?"

"Mimi, baba."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Mama kanifunza viua tu."

Hapo ndipo alipoivua. Akaigeuza akatazama ndani, polepole, kama afanyavyo mama. Kisha akampa mzee aliyekohoa, akamwambia kwa Kiarabu, "Tazama mafundo haya. Kazi ya binti yangu, ana miaka kumi na mmoja." Mzee akatazama, akasema mashaallah, akampa wa pili yake. Kofia ikazunguka majlisi yote mkono kwa mkono, na ilipomrudia, baba akatoa leso mfukoni, akaikunja, akaiweka ndani ya kofia, akaivaa tena. Akakaa nayo hivyo siku zote za wageni, na Ijumaa akaenda nayo msikitini.

Mama usiku ule aliniuliza uzi uko wapi. Nikalia. Hakunipiga. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya kanga.

Baadaye nywele za baba zikaota. Miezi ikapita, kofia ikapanda kutoka kwenye nyusi, leso ikatoka, na msimu wa baridi ulipoingia ikamkaa barabara, hairuhusu hata kidole. Nikamwendea mama kwa mbwembwe. "Umeona? Kipimo changu ndicho kilichokuwa sawa." Mama akasema tu, "Naona." Na mimi hivyo ndivyo nilivyoisimulia hadithi hii kwa miaka zaidi ya arubaini, kwa wanafunzi wangu, kwa mume wangu, kwa watoto: kwamba kofia ilisubiri kidogo tu, kisha kichwa kikarudi mahali pake.

Afro ilipopitwa na wakati, baba hakuiacha. Wenzake wote wakakata fupi, yeye yuko vile vile. Kila mwaka nilimshonea kofia nyingine kwa kipimo kile kile changu. Siku ya harusi yangu nilimwomba kwa aibu, "Baba, mtindo huo watu wameshauacha, si ukanyoe kidogo?" Akacheka, akanambia, "Nimeuzoea." Nikawaambia mashoga zangu kwamba mzee wangu bado yuko katika ujana wake.

Msimu huu wa baridi uliopita binti yangu Maimuna alituendesha hadi Nizwa, mimi na wazee wangu, kununua halua na kutembea. Baba sasa nywele zimekwisha zenyewe. Kofia, ya kazi yangu, imeshuka tena mpaka masikioni, na hataki nimshonee ndogo. Tumekaa kwenye benchi la sokoni, akapita mama mmoja wa Kijapani, umri wa mama yangu, na bintiye. Alivaa kimono. Maimuna wangu ana abaya sita zilizo wazi mbele anazoziita kimono, lakini hii ilikuwa kimono yenyewe, ya kijivu chenye mistari myembamba, mshipi mpana kiunoni, imechakaa kidogo kwenye pindo kama nguo inayovaliwa kweli. Hakuwa amejipamba. Alikuwa ameshika mfuko wa tende.

Akasimama mbele ya baba, akainama, akaonyesha kofia. Baba akaivua akampa. Yule mama akaigeuza akatazama ndani kabla ya nje. Mama yangu akanipiga kiwiko: "Huyu mwenzetu."

Bintiye akayageuza maneno yake kwa Kiingereza, na Maimuna akatutafsiria. Yule mama alisema anavaa kimono kila siku, hata sokoni kwao, na watu wa kwao humuuliza leo kuna nini. Hakuna kitu, huwajibu, ni Jumanne tu. Hii ilikuwa ya mama yake. Akatuonyesha kiunoni, chini ya mshipi, mahali nguo ilipokunjwa. Kitambaa hakikatwi kwa kimo cha mtu, alisema. Mrefu hukunja kidogo, mfupi hukunja sana, na nguo moja huvaliwa na bibi, mama na mjukuu. Nguo ndiyo inayomfuata mtu.

Nilipendezwa mno. Nikamgeukia mama nimsifie. Mama alikuwa anacheka, kicheko kile kile cha kujifuta kwa kanga.

"Mwambie," akamwambia Maimuna, "kwetu sisi mtu ndiye aliyeifuata nguo."

"Vipi, bibi?"

"Babu yako aliporudi Hija alikuwa amefurahi kunyoa. Alinambia hajawahi kupata raha kama ile, hewa inapita kichwani, na kwa joto hili hatofuga tena maisha. Nikamwambia vyema, basi nitakushonea kofia yako, kichwa chako nakijua hata bila uzi. Akanambia hapana. Mtoto kashona miezi minne. Wacha nywele ziote mpaka ijae."

"We Zuwena," baba akasema, "mambo ya nyumbani hayo."

"Yashapita, bwana. Na alipozichoka akataka kuzikata, nikamwona anamtazama mama yako Asya anashona nyingine kwa kipimo kile kile. Akakirudisha kitana mfukoni."

Nilimtazama baba, naye anatazama kofia mikononi mwa yule mgeni, masikio yake yamewekewa alama nyekundu na pindo la kofia. Yule mama wa Kijapani, Maimuna alipomaliza kumtafsiria, aliishika kofia kwa mikono miwili, akainama zaidi kuliko mara ya kwanza, akamvisha baba mwenyewe.

Siku hizi kila kitu kina namba. Mwanangu huagiza kofia kwa simu, ikija kubwa huirudisha kabla ya Magharibi, na muuzaji hamjui na wala hana haja ya kumjua. Ni rahisi, na mimi pia huagiza vitu hivyo hivyo, sitosema uongo. Lakini nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilimpa baba yangu kofia kubwa mbele ya watu, naye akabeba joto la Ibra kichwani mwake zaidi ya miaka ishirini, ili mtoto wake asijue kuwa alikosea kipimo.