Sumaku Chini ya Kitambaa cha Fundi

Mnanichosha nyie. Mtu hata jina lake analiandika kwa kukokota, mnamwambia aandike habari za fundi cherehani jirani yake! Haya, someni. Atakayecheka mwandiko wangu aishie hapo hapo.

Fundi huyo alikuwa mjane, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Ujanani alimcheka sana mama mkwe wake aliyekuwa kiziwi, akimwita "mlango uliofungwa kwa ndani", watu wakashika mbavu. Uzeeni masikio yake mwenyewe yakafa. Madaktari wakampandikizia kifaa cha kusikia ndani ya kichwa, na kipande kingine akawa anakibandika nje, nyuma ya sikio; viwili hivyo vilishikana kwa sumaku, ngozi ikiwa katikati. Akavifunika kwa kitambaa. Mwanawe tu ndiye aliyejua, naye aliapishwa: "Mkeo akijua, mimi si mama yako." Aliyomtendea mkwewe aliogopa yasije kulipwa na mkamwana.

Kisha kichwa kikaanza kumgonga, mkono wa kulia ukawa unadondosha mkasi. Daktari akahofia uvimbe kwenye ubongo, akaagiza picha ya MRI. Hata yeye hakuonyeshwa kilichokuwa chini ya kitambaa. Mwanawe alikuwa safarini, basi mkamwana ndiye aliyempeleka.

Dada wa vipimo akauliza mlangoni, "Mama, una chuma mwilini? Kifaa cha moyo, cha sikio? Humu ndani ni sumaku tupu."

Fundi alisikia vizuri sana. Akamtupia jicho mkamwana, akajibu, "Sina. Ukiacha hiki kichwa, niko buheri wa afya."

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alikibandua kile cha nje kwa siri, akakisukumia ndani kabisa ya mkoba. Akajiambia yamekwisha, maana kinachoonekana kimetoka. Dunia ikanyamaza.

Mkamwana akaja kumsaidia kufungua kitambaa. Mafundi huchomeka pini popote, naye zake zilikuwa kwenye pindo la kitambaa hicho. Kitambaa kikatoka, pini moja ikabaki imeganda kichwani. Mkamwana akaitoa, ikamponyoka, ikarudi palepale. Akaitoa tena. Ikarudi tena.

"Mama, nini hiki?"

Mama hakusikia. Alipoona macho ya mkamwana yamekwama nyuma ya sikio lake, alitamani ardhi ipasuke.

"Dada! Simamisha! Mama ana sumaku kichwani!"

Daktari akaitwa. Fundi akabandika kifaa chake mbele ya watu wote, akaelezwa. Mashine ile ingeweza kuivuta sumaku yake na kuihamisha. Wangeweza kumfunga bandeji ya kukaza na kutumia mashine yenye nguvu ndogo, lakini hatari haiishi, na picha itapata kivuli upande uleule wanaoutilia shaka. Au wamfanyie upasuaji mdogo, waitoe sumaku, wapige picha, kisha wairudishe. Hapo huenda asisikie kwa wiki kadhaa.

"Nifungeni bandeji," akasema. Wiki za ukiziwi, mtaa mzima ungejua.

Mkamwana akamgeukia. "Kumbe nilipokuwa nakusengenya jikoni, nikidhani sauti haikufikii, ulikuwa unasikia?"

"Neno kwa neno."

"Na ulipokuwa hunijibu?"

"Nilikuwa nimekibandua."

Mkamwana akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakabaki bila kicheko. "Mama, ningekuingiza mle kwa mikono yangu mwenyewe. Ningemwambia nini mwanao? Waitoe. Nitasema nawe uso kwa uso, sichoki."

Fundi akainamisha kichwa. Alimkumbuka mama mkwe wake, jinsi alivyokuwa akimtazama mdomo akisubiri neno, naye fundi akimgeuzia mgongo makusudi. Mbele ya hilo, aibu ya pini haikuwa kitu.

"Waitoe," akasema, macho chini.

Ikatolewa. Uvimbe ukaonekana, matibabu yakaanza, na sumaku bado haijarudishwa, maana picha nyingine zinangojwa. Siku hizi fundi anakaa kwenye cherehani kichwa wazi, kovu nje. Mteja akisema huku ametazama vitambaa, mkamwana humshika mabega na kumgeuza: "Mwambie mama usoni!" Kila mtu anapogeuzwa hivyo, fundi huona haya upya, wala si kwa ajili ya kovu.

Nimemaliza, na sikuandika bure. Wewe unayesoma, unalo jambo la mwili wako ambalo watu wako hawalijui. Nenda kamwambie mmoja wao leo, kisha uje barazani kwangu unieleze alijibuje. Nakungoja.