Mikono ya Jemadari

Kosa langu la kwanza katika kuongoza mchezo wa kuigiza lilikuwa hili: nilimdanganya mtu mpole ili akasirike vizuri.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na sikuwahi kusomea sanaa hiyo popote. Nilikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa nilichonunua kwa wauza vitabu vikuukuu, tafsiri ya tanzia ya kale ya jukwaa la Waingereza. Nilikisoma mpaka jalada likang'oka. Jemadari mweusi anawatumikia watu weupe, anamwoa binti yao, na msaidizi anayemwamini anammiminia maneno sikioni mpaka anamuua mke asiye na kosa.

Kikundi chetu kilifanya mazoezi alasiri katika darasa la shule ya msingi, watoto wakishatoka. Siku ya kwanza, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepewa nafasi ya mke aliuliza swali ambalo sikuwa nimelitayarishia jibu: hapa sote ni weusi, sasa nani atamdharau nani? Nilikaa na swali hilo juma zima. Kisha nikaamua jemadari wetu awe mtu aliyetoka mbali, nikamchagua fundi cherehani Mwislamu aliyekuja Kisangani kutoka Maniema. Alinizidi miaka kumi. Nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa, naye aliniita mudogo, mdogo wake. Sikumwambia kwa nini nimemchagua.

Sauti yake ilikuwa nzuri na alikariri haraka, lakini kukasirika hakuweza. Pale jemadari anapopaswa kunguruma, yeye aliuliza kama mtu anayeuliza kama nguo zimekauka. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Zilibaki wiki tatu, na nilikuwa na daftari nilimoandika kila kosa la kila mtu, pamoja na yangu, kwa wino mwekundu.

Alhamisi moja yule mwanafunzi aliniita kando, akaomba tufupishe pale jemadari anapomshika mikono. Papa yake, baba mzazi, angekuja kuketi mstari wa mbele, naye aliona haya. Ndivyo tu. Nilimkubalia. Kisha nikatembea na yaya mpaka barabarani, na kabla hajapanda toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria, nikamwambia kwamba msichana hataki kushikwa na mikono ya mtu wa kuja. Nikaongeza kwamba, kwa maneno yake, watu wa kuja wanafika na mfuko mmoja, na kesho wanataka binti zetu.

Nilimtazama usoni nione hasira ikipanda. Alisema tu, "Bon, sawa," akaketi nyuma ya baiskeli, akaenda.

Jumamosi alifika mapema. Alikuwa ametoka kuswali, kwa hiyo mikono yake ilikuwa safi tayari. Hata hivyo alikwenda kwenye ndoo ya maji nyuma ya darasa, akatoa mfukoni kipande cha sabuni alichokuja nacho, akajisugua mpaka kwenye viwiko. Nilimwona kupitia dirisha. Zamu yao ilipofika, alisimama mbali na msichana, akamshika kwa ncha za vidole.

"Yaya, leo iko nini?" msichana akamwuliza. "Unanishika sawa vile mutu anashika sufuria ya moto."

Wenzake wakacheka. Yaya akatabasamu, akamwachia, akaomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi. Nilikuwa nimengoja simba, nikapata mtu mzima anayejikagua kucha.

Nilidai tumbo linaniuma, nikafunga mazoezi. Asubuhi iliyofuata nilimkuta kwenye baraza anaposhonea. Nilikuwa nimeyaandika maneno ya kuungama kwenye daftari, na nikayasahau yote. Nilisema tu kwamba msichana hakusema lolote, kwamba ni mimi niliyetunga, ili akasirike.

Cherehani ikasimama.

"Donc, kumbe yeye hakusema?"

"Hakusema. Anaona haya mbele ya papa yake, basi."

Mabega yake yalishuka. Nikafikiri yamekwisha.

"Lakini ile maneno, mudogo, wewe ulitoa wapi?" akauliza. "Ya mufuko moja, ya kesho binti zetu. Mutu hawezi kuitunga pale pale barabarani."

Nilitaka kusema nimeyatoa kitabuni, kwa sababu katika tanzia ile baba wa bibi arusi anasema karibu hayo hayo. Ungekuwa uongo wa pili. Nikamwambia ni ya nyumbani. Tantine, dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea, na hakuna aliyenipenda kumzidi. Huyasema akigawa pondu, mboga ya majani ya muhogo, mezani, kila mara jirani mpya anapohamia, nasi hucheka. Mimi pia nilicheka miaka yote. Niliposimama barabarani yalikuja yenyewe. Nilikuwa nimemstaajabia msaidizi wa jemadari kwa werevu wake, kumbe hakuhitaji werevu mwingi. Maneno aliyakuta tayari.

Yaya alikata uzi uliokuwa kwenye cherehani. Kisha akasema msichana naye lazima aambiwe, na niseme mimi mwenyewe. Akaniuliza kama nimekula. Nikatikisa kichwa, naye akanikatia nusu ya mkate wake, akangoja mpaka nikaumeza.

Nilimwambia msichana siku ile ile, yaya akiwa hapo. Hakunisemesha kwa juma zima, na alikuwa na haki. Ila alimwendea yaya, akaichukua mikono yake yote miwili, akaishika kwa nguvu.

"Tusifupishe," akasema. "Papa atazoea."

Siku ya onyesho, yaya hakunguruma. Aliyasema maneno ya wivu polepole, kama mtu anayejilaumu mwenyewe, na ukumbi mzima ukatulia. Watu walinipongeza kwa hilo. Nilijua lilikotoka, nikaona aibu kupokea mikono yao.

Siku hizi mwigizaji akishindwa, namwambia ameshindwa, wenzake wakisikia, kisha nasubiri. Nyumbani nilimweleza tantine kuhusu yaya na ile sabuni. Bado huyasema maneno yale, ingawa mara chache, na mimi sicheki tena.