Nilivyomwandika Dada

Dada yangu ana kifafa tangu akiwa na miaka sita. Nautaja ugonjwa huo mapema kwa sababu niliutumia kuombea ufadhili wa masomo, na sikumwomba ruhusa.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, hapa Mwanza, nilipoona tangazo. Ulikuwa ufadhili wa kusomea sayansi ya ubongo, kwa wanafunzi wanaotoka sehemu ambazo fani hiyo karibu haina watu. Walitaka vyeti, barua za walimu wawili, na kurasa mbili za kueleza kilichokuvutia kwenye ubongo. Kurasa hizo zilinishinda wiki nzima.

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi. Kwetu ni Busisi, ng'ambo ya ziwa. Kila mwezi mama alimvusha dada kwa kivuko, akapanga foleni hospitali ya mjini, akarudi na vidonge kwenye bahasha ya kaki. Majirani walimshauri aende kwa mganga, akakataa. Dada alimaliza darasa la saba, akajifunza cherehani, na sasa ana kibanda Igogo, hapa hapa mjini, anashona sare za shule. Siku za likizo nilifuatana nao hospitali, na siku moja daktari akanionyesha karatasi yenye mistari ya kipimo cha ubongo wa dada. Nikaanza kuuliza maswali. Basi.

Nilipoiandika habari hiyo na kuisoma, niliona haina uzito. Mwenzangu chuoni aliniambia, "Hao wanasoma maombi mengi. Ya kwako lazima yawaguse."

Nikaandika kwamba dada alikuwa akifichwa chumba cha nyuma wageni wakija. Nikaandika kwamba mama aliamini ni mapepo, akamzungusha kwa waganga, mpaka mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili, nilipomshawishi ampeleke hospitali. Nikatuma. Sikujisikia vibaya hata kidogo, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi sasa.

Nilichaguliwa. Nilisoma nje miaka miwili, nikarudi kufanya kazi kwenye kliniki ya magonjwa ya ubongo hapa mjini. Baadaye wafadhili walitoa kijitabu cha habari za wanafunzi wao, kikatafsiriwa kwa Kiswahili ili kigawiwe mashuleni. Mwalimu mmoja aliyekuwa amefuata sare akamwonyesha dada picha yangu. "Huyu si mdogo wako?"

Dada alinipigia simu, akaniambia nipite kibandani nikitoka kazini.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa."

Alimalizia mshono wa kola, akakata uzi, ndipo akatoa kijitabu kwenye droo ya cherehani.

"Hiki chumba cha nyuma ni kipi?" aliniuliza. "Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili, na vyote vilikuwa mbele."

Nikautazama ukurasa wenye picha yangu.

"Sikuulizi kwa ugomvi. Mimi nikianguka huwa sikumbuki, unajua. Labda kuna mambo yalitokea hamkuniambia."

"Hakuna, dada. Nilitunga."

"Yote?"

"Ya mama, yote."

Alikifunga kile kijitabu. "Nina siku nne najaribu kuwakumbuka hao waganga," alisema.

Nilimwomba msamaha. Akasema amesikia. Kisha akaniambia nimwambie mama mwenyewe, kabla mtu mwingine hajamsomea.

Jumamosi nilikwenda Busisi. Siku hizi tunapita darajani, dakika chache tu, na nilitamani safari iwe ndefu. Mama alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Nilimweleza mwanzo mpaka mwisho. Mikono yake haikusimama.

"Walitaka mama wa namna hiyo?" aliuliza.

"Hapana. Niliwapa mwenyewe."

"Nilidhani siku zile kwenye kivuko ulikuwa unaona," alisema, kisha akaniuliza kama nimekula.

Niliwaandikia wafadhili nikakiri. Nilitarajia wanidai nirudishe cheti. Mratibu alijibu kwa upole kwamba wangeviondoa vijitabu vile na kuchapisha upya bila habari yangu. Akaongeza kwamba kamati ilinichagua kwa sababu ya alama zangu na barua ya mwalimu wangu wa fizikia. Zile kurasa mbili, alisema, hawakuzipa uzito mkubwa.

Nilimsomea dada barua hiyo. "Kwa hiyo hata hazikuhitajika," alisema, akaendelea kupima kitambaa.

Hatujagombana. Mama bado hunitumia samaki, na dada huja kliniki kwetu kila mwezi. Lakini zamani akianguka, akizinduka, alinipigia mimi simu nimweleze hali kama ile huwa inakuwaje, na kama aliyoambiwa yanaaminika. Sasa humuuliza mama anayeuza vitenge kibanda cha jirani. Mimi husikia baada ya siku mbili tatu, tena kutoka kwa huyo mama.