Bingwa wa Usingizi

Siku Mbuke Ndaki alipofaulu mtihani wa udaktari bingwa, alikuwa na miaka arobaini na moja, watoto wawili na magoti yasiyopenda ngazi. Hata hivyo alishuka ngazi za chuo kule Mwanza mbiombio, akamkumbatia mlinzi asiyemjua hata jina, kisha akampigia simu Dokta Kalisti.

"Shikamoo mzee! Nimepita!"

"Marahaba. Umepita wapi?" mzee akauliza, akijifanya hajui. Wakacheka wote wawili mpaka simu ikakatika.

Dokta Kalisti alikuwa daktari wa upasuaji mstaafu. Kila Jumamosi mchana sebule yake ya Kambarage, mjini Shinyanga, ilikuwa wazi kwa daktari yeyote: aliyemaliza chuo juzi na hajui aanzie wapi, anayetafuta ufadhili, hata bingwa anayekaribia kustaafu na kuogopa kukaa bure. Mbuke alifika hapo baada ya miaka kumi na miwili ya kutibu Kahama. Wachimbaji walioangukiwa na mawe walikuwa wakiletwa, halafu upasuaji unangoja kwa sababu hakuna mtaalamu wa dawa za usingizi.

"Nimechoka kumsubiri huyo mtu wa usingizi," alimwambia Dokta Kalisti.

"Basi kawe wewe."

Barua ya kuomba ufadhili waliiandika mara nne. Ya nne ikakubaliwa, Mbuke akaenda masomoni. Vitabu havikumshinda; kilichomshinda ni mtihani wa mdomo. Mbele ya watahini watatu alisahau jina la dawa aliyoitumia kila siku. Akarudi Kambarage akitaka kuacha.

Mzee hakumbembeleza. Alimwita mkewe, Mama Rhoda, akamlaza kwenye kochi. "Huyu mgonjwa yuko katikati ya upasuaji, presha imeshuka ghafla. Unafanya nini?"

Mama Rhoda akatoa ulimi, akageuza macho, akaning'iniza mkono sakafuni. Mbuke akacheka mpaka machozi.

"Wewe unacheka na mimi nakufa!" mgonjwa akafoka. "Nakupa dakika moja!"

Wakaendelea hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi Mama Rhoda mwenyewe akazijua dawa. Mbuke akikosea, anasahihishwa na marehemu kutoka kwenye kochi. Aliporudi mbele ya watahini, hofu haikupata pa kukaa.

Siku ile ya kufaulu, baada ya kumpigia Dokta Kalisti, alimpigia mama yake, Lusia, kijijini Didia.

"Mayu, nimekuwa bingwa!"

"Bingwa wa nini?"

"Wa usingizi."

"Mwanangu, miaka yote hiyo umesomea kulala?"

Mbuke akaeleza, akaeleza tena kwa Kisukuma. Mama alipoelewa alitoka uani na kupiga vigelegele hadi mbwa wakakimbia. Mbuke alipofika Didia alikuta ngoma na majirani wamejipanga, na mwanamke mmoja akamvuta pembeni kuuliza kama kuna dawa ya mume anayekoroma.

Kazi ya kwanza Kahama ilikuwa ya mchimbaji aliyevunjika paja. Mbuke alimlaza, akakaa karibu na kichwa chake kwa saa tatu akisoma kila pumzi, kisha akamwamsha taratibu.

"Mnaanza saa ngapi?" kijana akauliza.

"Tumeshamaliza, kaka."

Mbuke akatoka hadi kwenye korido, akatazama huku na huku, akacheza hatua tatu. Nesi Asteria akamfuma. Badala ya kushangaa, akaweka trei chini, akajiunga naye.

Wiki ile ile Dokta Kalisti akapiga simu. Alisema macho yake hayasomi tena barua ndefu, na kuna daktari kijana, Theonest, anataka kubobea kwenye magonjwa ya watoto.

"Nimemwambia wewe ndiye utakayemwongoza. Usiniangushe."

Jumamosi Mbuke alifika Kambarage na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka kwa mama yake. Theonest alikuwa ameshafika, shati limechomekwa, bahasha imekunjika kwa jasho. Akaamkia shikamoo mara mbili.

"Marahaba, mdogo wangu. Chukua michembe kwanza," Mbuke akasema, akivuta kiti karibu naye. "Haya, nisomee barua yako. Kwa sauti, Mama Rhoda pale kwenye kochi naye anataka kusikia."