Siku Ambayo Sikumkimbia Baba Mkwe

Msimu ule nilikuwa mpima kokoa wa chama chetu cha msingi cha ushirika, nje kidogo ya Kyela mjini. Mwenyekiti alinifokea asubuhi, nami nikawafokea wakulima kutwa nzima. Moyo ulinienda mbio hata nikiwa nimekaa. Mkono wa kushoto ulikufa ganzi, nikameza dawa za malaria mara tatu bila kupima, maana huku kwetu kila kinachouma ni malaria.

Sisi Wanyakyusa, mwanamke haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Wapo walioacha, ukoo wa mume wangu haujaacha. Kwa miaka tisa, mzee akileta kokoa, mwenzangu wa kazi alishika mizani, mimi nikatokea mlango wa nyuma na kujibanza migombani mpaka aondoke. Wakulima walinitania, nami nilikimbia huku nacheka.

Siku hiyo mwenzangu alikuwa msibani. Nilizamisha mkono kwenye gunia, kokoa ikaninata vidoleni, haijakauka.

"Mzee, huna akili? Unatuletea maji?"

Nikainua uso. Alikuwa baba mkwe, kofia mkononi, ameinama ili asinitazame. Nilimtambua vizuri kabisa, na bado nikamalizia: "Ondoa uchafu wako hapa."

Akajitwisha gunia, na uzee wake ule, akaondoka. Hakuna aliyenitania. Wala mimi sikuona aibu hata chembe, na nilipogundua hivyo ndipo nilipoogopa.

Jioni akaja mama mkwe. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Baba yenu hana kinyongo," alisema. "Anasema mkwe wake angekimbia. Yule aliyemkuta leo ni mgonjwa, apelekwe hospitali."

Hospitali walinipima presha mara mbili, hawakuamini ilivyopanda. Daktari akaniambia nisipopumzika nitapooza, akaniandikia wiki tatu. Mwenyekiti alisoma karatasi, akaikunja, akauliza kama ningeweza kuanza kupumzika baada ya mnada wa kokoa. Nilimchukia pale pale. Nikajibu, "Sawa, mwenyekiti."

Siku mbili baadaye nilianguka kwenye mizani, mguu na mkono wa kushoto havinisikii. Wakulima niliowatukana ndio walioninyanyua. Baba mkwe alikuwa kwenye foleni. Hakuruhusiwa kunigusa, alisimama amenipa mgongo, akiwapigia kelele wanibebe taratibu.