Diski Moja Mezani

Sawa, Zuhura, Babu hajawahi kushika mausi maishani mwake. Umesema kweli, na ukacheka mpaka wateja wakageuka. Lakini hukunipa nafasi nikueleze alivyonifundisha kazi yangu ya tovuti, kafe yako ya intaneti ikajaa watu, kwa hiyo nakujibu humu kwenye daftari langu na kesho utasoma.

Nilichofanya wiki iliyopita unakijua. Tovuti tatu kwa mpigo: gesti ya Mama Salome hapa Mikumi, wakulima wa miwa wa Ruhembe, na kwaya ya Berega. Tangu serikali iruhusu biashara huria, kila mwenye vyumba vinne anataka Wazungu wamwone kwenye intaneti, na mimi sikumkatalia mtu. Picha zote nilizitupa kwenye diski moja, nikaziita mpya, mpya mbili, mpya ya mwisho. Matokeo yake uliyaona mwenyewe: kwenye ukurasa wa gesti wapo wakata miwa weusi kwa masizi, na chini yao maandishi, "Chumba cha watu wawili, maji moto yapo." Ukurasa wa Ruhembe nao umejaa vitanda. Mzee Lugano, mwenyekiti wao, aliufungua mbele ya wanachama wake. Mmoja akamuuliza, "Mwenyekiti, kumbe tumeacha miwa, tunauza magodoro?"

Ndiyo maana amenipa mpaka Ijumaa. Nikikosea tena, kazi anampa mtu wa Morogoro, na Mama Salome amesema atamfuata huyohuyo.

Basi Jumapili nikaenda Kilosa. Nilimkuta Babu uani kwake Mabwerebwere, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu. Mbona leo umekuja kwa mumeo umenuna?"

Nikamweleza. Alicheka sana habari ya magodoro, halafu akaniita mwanangu. Babu akiacha kuniita mke wangu, ujue utani umekwisha.

"Mwanangu," alisema, "nilipokuwa na umri kama wako nilikuwa msaidizi kwenye stesheni ndogo, njia ya Kidatu. Reli ni moja, treni zinakwenda na kurudi juu ya hiyohiyo. Kwa hiyo kila kipande cha njia kilikuwa na pete yake ya chuma, kubwa hivi, unaweza kuivaa begani. Dereva asipokabidhiwa hiyo pete haondoki, hata kama mbele anaona kweupe.

"Na mimi nilikuwa najisifu. Napima mizigo, nakata tiketi, naitika simu, vyote kwa pamoja. Siku moja bwana stesheni akanipa pete nimpelekee dereva. Njiani mama mmoja ananiita nimpimie vitunguu, mwingine anagomba tenga lake la kuku limepotea. Nikaiweka pete chini, nipime mara moja tu. Treni ikapiga honi. Pete sina! Tulipekua magunia mpaka jasho likatutoka, na ndani ya behewa kuna mgonjwa anapelekwa hospitali. Ndugu zake wananiangalia tu. Hawakunitukana, mwanangu. Mpaka leo natamani wangenitukana.

"Tuliikuta chini ya gunia la vitunguu. Dereva, mtu mzima yule, aliinama dirishani akaniambia, 'Kijana, pete inakaa begani mpaka ifike mkononi kwangu. Vitunguu vitasubiri. Kuku watasubiri.' Akaondoa treni yake."

Mimi unanijua, subira sina. Nikamkatiza. "Babu, mimi nina wateja watatu. Siwezi kuwaambia wawili wangoje."

"Kwani sasa hivi hawangoji? Wanangoja, na aibu juu." Akatupa gunzi kwenye ndoo. "Kwa siku moja tulipitisha treni nyingi tu. Hakuna aliyesema reli ni ya treni moja. Tulisema kipande hiki, saa hii, ni cha hii. Ikifika, pete inakabidhiwa, ndipo nyingine inaondoka. Na pete haikai kwa anayetaka kuondoka, maana huyo ana haraka. Inakaa kwa mtu mwingine. Sasa wewe, pete yako anayo nani?"

Mwenye haraka ni mimi, na kila kitu kiko kwenye mkoba wangu.

Nilipoaga akasimama, akaniwekea mkono kichwani, mkono wenyewe umejaa vumbi la mahindi. "Andika jina la mwenye kitu kabla hujakigusa kitu chake. Shika kazi moja mpaka uikabidhi, ndipo ushike ya pili. Mungu akutulize mikono, mwanangu, akujalie kumaliza unachoanza, na akuepushe na macho kama yale ya ndugu wa mgonjwa wangu."

Kwa hiyo cheka ukitaka, Zuhura, lakini mimi nimeshaamua. Nimezitenganisha picha kwenye diski tatu, kila moja na jina la mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Kesho asubuhi ukifungua kafe tu, nakukabidhi zote tatu. Zifungie kwenye droo yako, ufunguo ukae nao wewe. Halafu nipe ya Ruhembe peke yake. Nikija kukuomba ya Mama Salome kabla sijairudisha hiyo, hata nikikubembeleza, hata kama Mama Salome mwenyewe amesimama mlangoni ameshika kiuno, ninyime.