Bi Pindo Ndani ya Kijani Kilichokolea

Watu wa mtaa walimwita Bi Pindo kwa sababu hakuna nguo iliyopita mbele yake bila kukaguliwa pindo. Ungempelekea habari ya msiba, angekuliwaza vizuri kabisa, machozi ya kweli yakimtoka, huku macho yake yakiteremka taratibu kuangalia gauni lako limeshonwaje kwa chini. Kazi yake ilikuwa kwenye chumba cha mbele: cherehani karibu na dirisha, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu chenye ufa ambacho wateja walijigeuza mbele yake wakivuta matumbo ndani. Mkono wa kushoto alivaa kisahani cha sumaku chenye mkanda, mfano wa saa, pini zikiwa zimejibandika juu yake. Alikuwa nacho miaka mingi mpaka akaacha kukiona. Siku nyingine alilala nacho.

Mumewe alishafariki. Katika ukoo ule wote aliyebaki akiingia kwake bila hodi ni wifi yake, dada wa marehemu, nesi mwenye miguu mirefu na mdomo usio na breki.

"Wifi, hicho kiti kimeshachukua umbo lako," nesi alimwambia siku moja. "Ukifa tutakuzika nacho."

"Na ulimi wako tutauchimbia kaburi la peke yake."

Ndivyo walivyopendana. Na ni nesi huyo aliyemwingiza kwenye mchezo wa porini. Mnapewa ramani na dira, mnaachiwa wawili wawili upande mmoja wa pori, mnatafuta vibendera vilivyofichwa, mnatokea upande wa pili. Bi Pindo alipoelezwa mara ya kwanza alicheka mpaka akashika meza. Watu wazima na akili zao wanajipoteza makusudi? Lakini alipofunguliwa ramani, kicheko kikaisha. Ile mistari iliyozunguka vilima aliielewa pale pale, kwa sababu maisha yake yote alikuwa akisoma karatasi bapa na kuona mwili utakaoijaza. Aliona bonde likiinama, aliona kilima kikitoa bega. Tangu siku ile yeye akawa msoma ramani na wifi mshika dira, na kila mwisho wa juma cherehani ilifunikwa kitambaa.

Kuna kitu kimoja kwenye ramani zile kilichokuwa kikimtia hofu na kumvuta papo hapo, nacho ni rangi ya kijani. Kadiri kijani kilivyokolea ndivyo pori lilivyoshonana. Mwalimu wa mchezo aliwaonya kila mara: mkifika kwenye kijani kilichokolea, macho hayana kazi tena, iaminini sindano ya dira. Na kwa kuwa chuma huipotosha sindano, aliwanyang'anya kila kitu cha chuma kabla ya kuingia, simu, funguo, hata mkasi uliokutwa kwenye mkoba wa Bi Pindo, watu wakacheka. Hakuna aliyefikiria kumkunja mkono wa blauzi, na mwenyewe ndiyo kabisa.

Siku hiyo walikuwa katikati ya kijani kilichokolea zaidi walichowahi kukiingia. Bi Pindo alitembea mdomo wazi. Majani yalikuwa juu ya majani, mimea ya kutambaa minene kama paja la mtu imejiviringisha kwenye miti, na jua lenyewe lilifika chini likiwa limechoka, limegeuka kijani. Ukipita, matawi yanajifunga nyuma yako kana kwamba hujawahi kupita. Hakuna mbele wala nyuma, kuna hapa tu. Alijiona mdogo, na jambo la ajabu ni kwamba alifurahi kuwa mdogo.

"Wifi, tuko ndani ya kitu kikubwa," alinong'ona.

"Tuko ndani ya upupu," alisema nesi, na hapo hapo akakanyaga shimo lililofunikwa na majani.

Wote wawili waliusikia mfupa ukikatika. Nesi alijishika mguu juu kidogo ya kifundo, akaupapasa kwa vidole vya kazi, jasho likimtiririka. "Umevunjika," alisema. "Na vibaya."

Walipiga filimbi zao za dharura kwa zamu, hakuna aliyejibu. Majani yale yalimeza sauti. Kumbeba haikuwezekana, maana hata mtu mmoja alipita kwa kujipenyeza ubavu. Na jua lilishaanza kuinama. Nesi ndiye aliyekata shauri. Alioneshwa kwenye ramani mahali walipo, akazungusha kisahani cha dira kuelekea mashariki iliko barabara, akaiweka kwenye kiganja cha Bi Pindo.

"Sindano nyekundu ikikaa ndani ya hiki kinyumba chake kilichochorwa, mbele yako ndiyo njia. Usirudi bila watu na machela. Mimi nitakuwa napiga filimbi nisije nikalala."

"Nami nitakujibu."

"Nenda, wifi."

Akaenda. Alishika dira kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukisukuma matawi. Akizunguka kichaka cha miiba, anatazama sindano: imo ndani ya kinyumba chake. Akiinama chini ya gogo na kutokea upande mwingine, anatazama: imo. Alijisifu moyoni kwamba ameshika njia sawasawa, hajapinda hata kidogo. Ili awaoneshe watu pa kurudi, alikuwa akichana vipande vya kitambaa chekundu cha kichwani na kuvifunga kwenye matawi. Nyuma yake filimbi ya wifi ililia, naye akajibu. Ikalia tena, akajibu.

Baadaye filimbi ikawa inalia kuliani. Baadaye mbele. Akaambiwa na akili yake kwamba pori linacheza na sauti. Kisha akajipenyeza kati ya mimea miwili ya kutambaa, akainua uso, na mbele yake palikuwa na kitambaa chekundu kimefungwa kwa fundo lake mwenyewe.

Alisimama akitazama lile fundo, na kwa mara ya kwanza ukubwa wa lile pori ulimshukia mabegani. Lilikuwa limemzungusha na kumrudisha pale pale kimya kimya, bila chuki, wala halikujua kama yupo.

Ni miiba iliyomwokoa. Mmoja ulikuwa umeingia chini ya mkanda mkononi, unauma vibaya. Aliweka dira juu ya gogo, akapandisha mkono wa blauzi, akakivua kile kisahani cha sumaku cha pini ili auchomoe. Akakitupa kando. Kwenye gogo, sindano ikajigeuza yenyewe, polepole, ikatetemeka, ikatulia ikitazama upande mwingine kabisa.

Bi Pindo alipigwa na butwaa. Alikiokota kisahani, akakisogeza karibu, sindano ikakifuata. Akakiondoa, ikarudi. Muda wote ule sindano haikuwa ikimwonesha njia. Ilikuwa inamfuata yeye, kokote alikogeuka, ikimkubalia kila kitu. Alitaka kucheka, akajikuta analia. Halafu akaitazama tena ile sindano iliyo huru. Katikati ya majani yote yale yaliyofunga dunia, kipande cha chuma kidogo kuliko pini zake kilikuwa kinajua upande bila kuona jua wala anga. Alihisi anapaswa kuongea nacho kwa adabu.

Alikiacha kisahani juu ya gogo na kushika dira kwa mkono mtupu. Filimbi ya wifi ikalia, karibu, kushoto kwake. Akajibu. Moyo wote ulimvuta kushoto. Hatua chache tu, amwone, amwambie upuuzi wake, watukanane kidogo. Alishaanza kugeuka.

Filimbi ikanyamaza.

Alipuliza yake. Kimya. Akapuliza mpaka kifua kikauma. Hakujibiwa.

Hapo ndipo mtu anapojijua. Wifi amezimia, au mbaya zaidi. Sindano inasema mashariki, kila kitu kingine ndani yake kinasema kushoto. Na akienda kushoto akamkuta amelala, atafanya nini na mikono miwili? Alipiga moyo konde, akaomba radhi kwa sauti, akampa mgongo mtu pekee aliyebaki akimwita wifi. Alichagua mti mmoja mbele, akaufikia, akachagua mwingine, hakutazama kando. Alilia njia nzima, na hakupinda.

Barabara ilimtokea ghafla, nyeupe na pana. Mwalimu na wenzake walikuwepo. Aliweka kidole kwenye ramani, wakachukua machela na mapanga, na yeye akatangulia, ingawa walimwambia apumzike. Alikuwa akifuata sindano na akifikiri maneno ya kuwaambia ndugu wa mumewe.

Nesi alikuwa ameketi palepale, mgongo kwenye mti, macho yamemtoka, siafu wanamtambaa shingoni. Filimbi ilikuwa mfukoni.

"Mbona ulinyamaza?" Bi Pindo alipiga kelele. "Mbona ulinyamaza, wewe? Nilijua umekufa!"

"Kila nikipiga, ulinijibu," alisema nesi. Sauti ilikuwa imemkauka. "Na kila mara ukinijibu, uko karibu. Nikasema, huyu hajaondoka, ananizunguka kama kuku aliyefungwa mguu. Kamba ni mimi. Nikaikata."

"Ukakaa kimya. Humu, peke yako."

"Nilikusikia unavyopiga." Nesi aligeuza uso. "Ulipiga sana, wifi."

Bi Pindo alimtoa siafu shingoni, mmoja mmoja. Walipoinua machela alimshika wifi yake mkono. Njia iliyokatwa kwa mapanga iliwatosha wabeba machela tu, kwa hiyo alitembea pembeni, ndani ya miiba, na hakuuachia mpaka barabarani.